Bustani ya shule na wazee wa kijiji: namna ya kuwaita, kuwapa kazi na kukaa nao hadi msimu wa pili

Dodoma na sehemu kubwa ya kanda ya kati hupata mvua za msimu mmoja. Zinaanza mwishoni mwa Novemba au ndani ya Desemba, na Aprili zinakatika. Shule za msingi nazo hufungwa mwanzoni mwa Desemba. Kwa hiyo ardhi inalowa wakati wanafunzi wamekwenda likizo, na wanaporudi Januari magugu yameshafika magotini na mbuzi wameshapita. Bustani nyingi za shule huku kwetu hufa hapo, wala si kwa ukosefu wa mbegu au jembe.

Wanaobaki kijijini Desemba nzima ni mabibi na mababu. Ndio pia wanaojua ni mlenda upi unaota wa kwanza baada ya mvua za kwanza, na wengi wao ndio wanaowalea watoto tunaowafundisha. Mwongozo huu ni kwa mwalimu wa elimu ya kujitegemea, mwalimu mkuu au mjumbe wa kamati ya shule anayetaka wazee hao waingie kweli kwenye bustani, si kuja siku ya uzinduzi, wakapigwa picha, basi. Mifano mingi ni ya Dodoma. Aliye Moshi, Lushoto au pwani, ambako kuna vuli na masika, abadilishe tarehe na mazao. Namna ya kuishi na wazee haina tofauti kubwa.

Hatua ya 1: Pima maji kabla ya kumwita mtu

Anza Agosti. Tuta la mboga la upana wa mita 1 na urefu wa mita 5 linakunywa dumu moja la lita 20 kwa siku, na kwenye jua kali la Septemba na Oktoba linataka zaidi. Matuta 6 ni madumu 6 au 7 kila siku, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Kama kisima kiko mbali na watoto wanakuja na maji kichwani, lima matuta 3. Shule yenye matuta 3 ya kijani inaheshimika kijijini kuliko yenye robo eka ya vumbi.

Maji ya kunawia mikono yasipotee. Weka kibuyu chirizi, yaani dumu dogo la kunawia linaloinamishwa kwa mguu, juu ya mfereji mdogo unaoelekea kwenye migomba au mipapai. Maji yenye sabuni usiyamwage juu ya majani ya mboga.

Upana usizidi mita 1.2, ili mtu afikie katikati akiwa upande wowote bila kukanyaga udongo. Njia kati ya tuta na tuta iwe pana kiasi cha mtu mwenye mkongojo kupita na mtoto pembeni yake. Walimu wengi hupima njia kwa miguu ya watoto, halafu wanashangaa bibi anasimama nje ya bustani siku nzima. Sehemu kavu kama hizi, tuta lizame chini kidogo kuliko njia, maji yatulie. Matuta ya kunyanyuliwa tuwaachie wenzetu wa mvua nyingi.

Hapohapo zungumza na mwalimu mkuu, kamati ya shule na afisa ugani wa kata. Mwenyekiti wa kijiji apate habari mapema, maana asipopata kwako atapata kwa mwingine, na imeongezwa chumvi.

Hatua ya 2: Watume watoto wakaulize nyumbani

Kabla mzee hajafika shuleni, shule iende kwake. Wape wanafunzi wa darasa la nne na la tano maswali machache ya kwenda nayo nyumbani, na waandike majibu kwenye daftari:

- Mvua zikianza, mboga gani mlikuwa mnachuma kwanza?
- Mbegu mlizihifadhi wapi, na ndani ya nini?
- Mwaka wa njaa mlikula mboga gani?
- Ipo mboga mliyokuwa mnaila zamani na siku hizi haionekani?

Yakirudi majibu, utashangaa. Mtoto ambaye hajawahi kunyoosha kidole darasani anakuja na kurasa mbili kuhusu mgagani, namna ya kukausha majani ya kunde, na kibuyu cha mbegu kinachoning'inia juu ya jiko la bibi yake. Soma daftari zote na uandike pembeni: nani ana mbegu, nani anajua kufuma uzio, nani alikuwa na mizinga ya nyuki, nani alikuwa fundi wa mipini ya majembe.

Orodha hii ndiyo utakayoitumia. Usichukue ile ya watu wanaoitwa kwenye kila kikao. Wajuzi wa mboga mara nyingi ni akina bibi wasiosimama kwenye mikutano, na wengine hawana hata mjukuu shuleni kwako. Mtoto anayeishi mbali na bibi yake amuulize jirani. Na anayesema hana wa kumuuliza, mpeleke kwa mzee aliye karibu na shule. Baada ya ziara mbili atakuwa na bibi.

Hatua ya 3: Nenda mwenyewe

Barua iliyobebwa na mwanafunzi haitoshi. Mzee akiona barua ya shule anafikiri mambo mawili tu: mchango, au mtoto kafanya kosa. Nenda jioni jua likipungua, ukae unapokaribishwa, umalize habari za nyumbani, za mifugo na za wagonjwa. Ndipo useme shida yako, na iwe moja, tena inayoeleweka. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwalimu. Mjukuu wangu kafanya nini?"

"Hajafanya kitu, bibi. Ameandika kwamba wewe una mbegu za mgagani na unajua kwa nini wakati mwingine zinakataa kuota. Sisi zimetukatalia. Naomba Alhamisi uje utuonyeshe, saa 2 asubuhi hadi saa 4. Kulima watalima watoto, wewe tutakuwekea kiti."

Anaombwa jambo moja, anajua siku, anajua saa ya kurudi, na ameambiwa mapema kwamba hakuna atakayemkabidhi jembe. Ukimwambia "tunaomba ushirikiano wenu katika kuendeleza shule yetu", ataitikia kwa adabu na hutamwona.

Jambo jingine la kulisema waziwazi ni mazao yanakwenda wapi. Mzee wa miaka 65 leo alianza shule miaka ileile Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa, mwaka 1967. Alilima shamba la shule. Wapo wanaolikumbuka kwa furaha, na wapo wanaokumbuka kwamba walilima na hawakujua mahindi yaliishia wapi. Mwambie bila kuzunguka: mboga zinaingia kwenye chakula cha wanafunzi, na anayefanya kazi anaondoka na fungu lake. Mkono mtupu haulambwi. Fungu likubaliwe kabla ya kupanda na liandikwe kwenye kumbukumbu za kamati, na kila mtu achangie kwa hiari. Mchango wa lazima, hata wa ndoo moja ya samadi, utakuletea maneno usiyoyaweza, hasa tangu sera ya elimu bila malipo ilipoanza kutekelezwa mwaka 2016.

Kuhusu siku: usiweke siku ya mnada wala ya kliniki ya wazee. Ukitokea msiba kijijini, ahirisha bila kuuliza.

Hatua ya 4: Siku ya kwanza iwe fupi

Viti viwe kivulini, maji ya kunywa yawepo, na uji ukiwezekana. Hotuba zisiwepo. Mwalimu mkuu asalimie, ashukuru, akae. Gawa watoto makundi ya 8 hadi 10, kila kundi na mzee wake na mwalimu au mzazi mmoja kijana.

Somo zuri la kuanzia ni kusia mchicha, kwa sababu unaota ndani ya siku chache na watoto wanaona matunda ya kazi kabla hawajachoka. Mbegu zake ni ndogo mno. Mtoto akizimwaga kwa mkono zinaangukia mahali pamoja. Mtazame bibi anavyofanya. Anamimina mbegu kiasi cha kijiko kwenye sahani ya mchanga mkavu mweupe, anachanganya taratibu, anachota kwa ncha za vidole vitatu, kisha anautikisa mkono juu ya kifereji huku akirudi kinyumenyume. Mchanga unaacha mstari mweupe juu ya udongo mwekundu, basi kila mtu anaona palipopandwa na palipobaki. Anafukia kwa kupitisha tawi lenye majani, si jembe. Anaweka nyasi kavu juu, na majivu kuzunguka tuta ili sisimizi wasibebe mbegu. Miche ikichomoza, nyasi ziondolewe jioni ileile.

Mgagani una tabia yake: mbegu iliyovunwa karibuni huwa imelala. Iache ikae miezi mitatu au zaidi ndipo uipande. Mlenda nao una ganda gumu. Mbegu zikifungwa kwenye kitambaa na kuchovywa kwenye maji ya moto sana kwa sekunde kama 10 huota vizuri zaidi, ila kazi hiyo ya maji ya moto aifanye mtu mzima.

Lugha isikusumbue. Mzee akieleza kwa Kigogo, mwache aeleze, mtoto mmoja atafsiri. Majina ya mimea yaandikwe kwa lugha zote mbili kwenye kibao cha tuta. Na utani uuache ufanye kazi yake. Bibi akimwambia mvulana wa darasa la nne, "Mume wangu, mkono huo wa kushika jembe utanilisha kweli?", kundi zima litacheka, na mvulana atashika jembe vizuri kuliko ungemfokea wewe. Mwalimu awepo karibu lakini, siku zote. Utaratibu ni kwamba hakuna mgeni, hata mzee anayeheshimika vipi, anayebaki peke yake na mwanafunzi, na kila anayeingia anaandikwa kwenye daftari la wageni. Ukiuweka kwa wote tangu siku ya kwanza, hakuna atakayeona anashukiwa.

Hatua ya 5: Kila mtu na kazi inayomfaa

Mzee asichimbe. Kazi zake ni za kukaa na za kuelekeza: kuchambua na kupepeta mbegu, kufuma uzio, kukagua wadudu, kusema palizi ifanywe lini, kuonja. Kuchimba na kubeba samadi ni kwa wazazi vijana, siku moja ya Jumamosi. Mwenye mkokoteni wa ng'ombe anatosha kuhamisha samadi ya msimu mzima kwa safari chache. Samadi iwe imeoza. Mbichi inaunguza miche na kuleta magugu. Mboji ianze mapema, maana inachukua miezi kama mitatu na inataka kugeuzwa kila baada ya wiki mbili au tatu.

Wafugaji waite kama washirika, tena kabla mbuzi hawajaingia. Wao wana samadi, na wao ndio wenye mifugo itakayobomoa uzio. Wakikaa pamoja na wazee kupanga uzio wa miiba upite wapi na mifugo ipite wapi kwenda kisimani, unakuwa umepata vyote viwili kwa kikao kimoja. Uzio hai wa minyaa unadumu, lakini utomvu wake ni hatari kwa macho, kwa hiyo watoto wasiukate wala kuuchezea.

Halafu lipo hili, nalisema kwa msisitizo: bustani isiwe adhabu. Shule nyingi bado zinampeleka aliyechelewa akapalilie. Fikiria bibi anayekuja Alhamisi kufundisha kwa moyo, anamkuta mjukuu wake kwenye tuta lake akipalilia kama mfungwa. Hatarudi, na mtoto atachukia mchicha hadi uzeeni. Aliyechelewa atafutiwe kazi nyingine.

Hatua ya 6: Desemba

Kikao cha Novemba ndicho muhimu kuliko vyote. Waite wazee na kaya 6 au 7 zinazoizunguka shule. Kila kaya ichukue siku moja ya wiki: kufungua, kuangalia uzio, kung'oa magugu, kumwagilia mvua ikikatika, kufunga. Malipo ya siku hiyo ni mboga ya siku hiyo. Anayeshika zamu anachuma ya mchuzi wa nyumbani kwake. Ufunguo ukae kwa mzee mmoja aliye jirani, si ofisini, kwa sababu ofisi itafungwa na mwalimu wa zamu atasafiri. Wanafunzi wa karibu waende na bibi zao siku za zamu zao.

Panda Novemba mazao yanayovumilia kuachwa: kunde, maboga, mlenda, njugu mawe. Mchicha na spinachi zisubiri Januari. Matembele yanafaa mno: kipande cha sentimita 30, theluthi mbili chini ya udongo, na ukichuma majani yanazidi kutoka.

Hatua ya 7: Kula pamoja

Mwezi Februari mboga zinakuwa nyingi. Chagua siku moja, wazee wapike na wanafunzi wakubwa wasaidie: ugali wa mtama au uwele, mlenda, majani ya kunde na karanga. Ubishi wa magadi kiasi gani kwenye mlenda utatokea, usiuamue. Usafi wa mikono na maji salama usimamiwe na mwalimu wa afya.

Kwa mboga za porini, weka sharti: haipikwi mpaka wazee wawili, wakiulizwa mmoja mmoja, waitaje kwa jina lilelile na wakubaliane kwamba inaliwa. Mnavu majani yake ni mboga, lakini matunda mabichi yasiliwe.

Machi ni wa kukausha. Majani ya kunde hutokoswa kidogo, hukamuliwa na kuanikwa. Mlenda hukaushwa na kutwangwa kuwa unga. Hesabu za darasa la tano ziingie hapo: kilo ngapi mbichi, zimebaki gramu ngapi kavu.

Hatua ya 8: Mbegu zibaki shuleni

Mimea bora hujulikana kabla ya kuvuna. Mwombe bibi apite na watoto, achague mitano ya kila aina, afunge kipande cha kanga kwenye shina. Yenye kanga haichumwi. Mchicha hukatwa mashuke yakikauka, ukapurwa na kupepetwa kwa ungo. Mnavu huvunwa matunda yakiiva, yakapondwa, mbegu zikaoshwa na kuanikwa kivulini. Kunde ichanganywe na majivu makavu yaliyochekechwa, ndani ya chupa inayofungwa vizuri, wadudu wasitoboe.

Kila chupa iandikwe jina la mboga, mwezi ilipovunwa, na nyumba ilikotoka mbegu ya kwanza. Wanafunzi wachukue kiasi wapande nyumbani na wazee wabadilishane. Kuuza ni jambo jingine: Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 inataka mbegu inayouzwa iwe imethibitishwa, kwa hiyo shule isifungue duka la mbegu bila kumwona afisa ugani. Na ikitokea mtu akaleta mbegu za dukani zenye rangi ya dawa, watoto wasizishike.

Mzee na mwalimu wakipishana

Itatokea. Afisa ugani atasema nafasi ya sentimita 20, babu atasema sambaza tu. Mmoja atataka majivu kwenye majani, mwingine maji ya mwarobaini. Usimsahihishe mzee mbele ya wajukuu, na usijifanye kukubali usichokiamini. Gawa tuta katikati, nusu kwa nusu, weka kibao, watoto wapime wenyewe. Nimeona mzee akishindwa na tuta la mwalimu akacheka kuliko wote, na nimeona kinyume chake mara nyingi zaidi kuliko walimu wanavyopenda kukiri.

Daftari la makabidhiano

Uhamisho wa mwalimu ndio unaoua bustani baada ya Desemba. Tunza daftari moja la bustani kwa nakala mbili, moja kwa kamati ya shule na moja kwa mzee anayeshika ufunguo. Liandikwe: majina ya wazee na kila mmoja anajua nini, kaya za zamu ya likizo, makubaliano ya fungu la mavuno, njia ya mifugo iliyokubaliwa, orodha ya chupa za mbegu, fedha iliyoingia na kutoka kama mliuza chochote, pamoja na nani alitia saini. Mwalimu mpya akifika, wiki yake ya kwanza apelekwe na wanafunzi wawili nyumba kwa nyumba kuwasalimia walioandikwa humo, kabla hajabadilisha chochote kwenye matuta.